Kamba ya Mahari

Kija, usimwambie mtu. Nimeaibika ukweni Shishiyu.

Ile kamba ya magome ya mgunga niliyokutambia, nikasema za dukani ni za wavivu? Nyuzi na kamba yenyewe nilisokota upande mmoja. Upande mmoja, Kija, na kamba ya hivyo haishikani.

Ng'ombe wa kwanza wa mahari kajikuna kwenye nguzo, kamba ikafumuka mbele ya wazee, akashika njia ya kurudi kwetu. Nikamkimbiza na suti yangu hadi nikamrudisha.

Bibi yake Lukresia akaiokota ile kamba, akaisokota upya pajani, ananiuliza taratibu, "Na mjukuu wangu utamshika hivihivi?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mahari wamepokea. Ila nakuandikia nimekaa chini nachambua magome. Wamebaki ng'ombe tisa, na bibi anataka kamba tisa.