Mrututu kwenye Tangi la Kaa

Mtwara, tarehe 9 Machi

Kaka Ezron,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Itaka, wewe, shemeji Imelda na watoto, na mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Kutwa nabeba ndoo za maji ya bahari.

Uliuliza ni kazi gani ya kaa isiyo ya kuvua. Hapa tunawazalisha. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, yana rangi ya chungwa, mpaka yaanguliwe tangini. Gwamaka wa Ileje, mwenzangu pekee kutoka huko kwetu, aliwaita buibui wa chumvi. Wenyeji wakacheka, wakasema watu wa milimani tunakimbia hata mboga.

Mwezi uliopita mayai ya majike kadhaa yaliota nyuzi nyeupe kama pamba, yakafa. Msimamizi akatueleza kwamba ni kuvu wa baharini, hushika kaa na mayai yake, na cha kufanya ni kutenga wagonjwa na kubadilisha maji kila siku. Tangi la hao wagonjwa akakabidhiwa Gwamaka. Alibadilisha maji bila kukosa, nilikuwa namwona.

Jumamosi tukakuta majike yote arobaini yamekufa. Msimamizi akasema Gwamaka ni mvivu, maji hakubadilisha, akamfukuza palepale. Gwamaka akaniomba niseme nilichokiona. Nikasema mimi sikuwa naangalia.

Kaka, ni mimi niliyewaua. Nilipoona ule weupe nilikumbuka ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa yetu, na jinsi baba alivyokuwa akiipiga dawa ya mrututu. Nikaununua duka la pembejeo, na Ijumaa Gwamaka alipokwenda kula nikamwaga kikombe kizima tangini. Nilitaka waone kwamba Mnyiha wa milimani naye anajua kitu. Sikujua kwamba dawa ya kahawa ni sumu kwa kaa.

Barua hii anakuletea Gwamaka mwenyewe. Atashuka Mlowo, apite kwako kabla ya kwenda kwao. Nitampa ikiwa imefungwa; amekuja kuniaga vizuri, nami nimeshindwa kusema. Mpeni chakula kwanza, halafu msomee yote. Namba ya msimamizi iko nyuma ya bahasha. Akitaka kumpigia, apige. Nikiulizwa sitakana.

Mama msalimie sana, na shemeji pia.

Mdogo wako,
Rubeni