Stensili Ambazo Sikuzichoma

Jumatatu, 3 Machi 1975
Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Ukishindwa kulifunga, basi funga mdomo. Nina kazi ya kupoteza na mama wa kumtunza.

Mvua tangu asubuhi, Mbeya yote tope. Barua za walimu, mihuri, chai baridi. Nimechapa waraka wa Bwana Afisa na kuuzungusha kwenye mashine ya kurudufu. Saa tisa nikachoma stensili zilizotumika, zile karatasi za nta za kuchapia. Ndiyo sheria ya ofisi yetu, maana mitihani nayo hupita mashine hiyohiyo.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu Mbwilo amekuja tena. Anafundisha watu wazima kusoma, kule Ubaruku, ndani ya ghala la mpunga. Vitabu tulivyompelekea ni vya kilimo cha pamba.

"Dada Karani, kwetu hakuna pamba hata ya kuziba sikio."

Wanafunzi wanaacha darasa. Kwa hiyo ametunga masomo yake mwenyewe, kumi na mawili. Kitalu, maji, ndege, kuvuna. Ukurasa wa kwanza ameandika: Anayefundisha anakili, abadilishe apendavyo, asiniombe ruhusa.

Bwana Afisa hakulifungua daftari la Mwalimu. Lisubiri kibali cha wakubwa, kasema. "Mpunga wako una haraka gani?" Nikainamisha kichwa. Najichukia.

Jumanne, 11 Machi
Masomo ya Mwalimu yameachwa mezani kwangu, nimeyasoma yote. Hakuna kitu kizuri kama hiki katika stoo nzima.

Jumamosi, 15 Machi
Bwana Afisa yuko ziarani. Nimechapa. Stensili sita, rangi ya kusahihishia imekwisha. Nakala arobaini. Karatasi ni nyaraka za zamani, upande usioandikwa. Wino ni wa ofisi. Nakiri.

Mzee Mwaipopo, tarishi wetu, akanikuta mweusi hadi viwiko. "Mwanangu, unarudufu au unachoma mkaa?" Hakungoja jibu. Alitoka, akavuta mlango, akakaa nje kwenye benchi.

Stensili sikuzichoma. Nimezilaza katikati ya magazeti.

Alhamisi, 20 Machi
Nakala zimekwenda Ubaruku. Stensili zimepanda basi kwenda Iringa, kwa Sekela niliyesoma naye. Karani kama mimi, mwoga kama mimi. Sijala leo.

Jumanne, 8 Aprili
Barua ya Sekela. Amerudufu! Mwalimu mmoja wa Ruaha Mbuyuni kafuta mpunga, kaweka vitunguu. Somo la ndege limekuwa somo la ukungu wa majani. Mafinga nao wanayataka, wataweka mbao. Nimecheka peke yangu ofisini.

Jumatatu, 14 Aprili
Bwana Afisa amekagua stoo. Stensili sita zimetoka, hazikuandikwa kuwa zimechomwa. Anasema mtihani umevuja. Anamshuku Mzee Mwaipopo, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo. Kesho Mzee anasimamishwa kazi.

Barua nitaichapa mimi.

Jumanne, 15 Aprili
Sikuichapa.

Nimechapa yangu. Kwamba ni mimi. Kwamba ni masomo ya mpunga, si mtihani. Kwamba Mzee hana kosa. Kwamba nikipata nafasi nitarudufu tena. Sentensi hiyo ya mwisho niliifuta, nikairudisha. Nikatia sahihi. Nikaipeleka mezani kwa Bwana Afisa.

"Binti, nani alikupa ruhusa?"

Nikamfungulia ukurasa wa kwanza wa masomo, nikaweka kidole chini ya maneno ya Mwalimu. Akasoma. Kisha akafunua wa pili.

Jumatano, 23 Aprili
Mzee yuko kazini. Mimi nahamishwa. Ubaruku, msaidizi wa darasa. Bwana Afisa ameiita adhabu. Nimesema, "Ndiyo, Bwana," bila kuinama.

Ijumaa, 9 Mei
Ghala linanuka pumba. Mashine hakuna, tunanakili kwa mkono. Nilitazamia kulia. Sijalia.

Leo Mama Shija, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Usukumani, amesoma neno "ndege" bila kusaidiwa. Akasimama, akasema, "Haya, nimewasoma, sasa nakwenda kuwafukuza." Darasa zima likamfuata shambani.

Nimebaki peke yangu na ubao. Bado naogopa. Si kama zamani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, sikuombi tena ufunge mdomo. Ukinitaka, shuka Rujewa, uliza trekta linalokwenda Ubaruku. Ghala ni lile lenye chaki mlangoni. Njoo na karatasi. Hata zilizoandikwa upande mmoja zinafaa.