Kwa Sista Ndinda Nzioki, Uliyenishika Kichwa Uwanjani Murera

Mwaka mmoja umetimia, Mwaitu, mama yangu, tangu Jumanne ile asubuhi ulipoketi ghafla kando ya beseni la nguo pale nyumbani Makongeni, ukamwambia Baba kichwa kinakuuma vibaya. Hukusema neno lingine. Ulikuwa na miaka sitini na mmoja.

Baba alitaka Mulei aandike maneno haya kwa sababu ndiye kifungua mimba wako. Mulei akakataa. "Aandike Wavinya," alisema. "Yeye ndiye alimtia Mama wasiwasi kuliko sisi wote." Ni kweli. Kwa hivyo ninaandika mimi, na wote wamesoma na kukubali.

Mtaani walikuita Sista hata baada ya kustaafu. Kwa miaka thelathini na mitatu uliwachoma sindano watoto wa Makongeni, halafu ukawachoma watoto wa watoto hao. Ulisugua viganja vyako kwanza vipate joto ndipo umguse mtoto. Uliwafokea wagonjwa waliochelewa kuja kliniki, kisha ukawasindikiza hadi barabarani. Chai yako ilikuwa bila sukari kwa ajili ya presha, na mandazi yalikuwa matatu. Hata harusini ulienda na bandeji kwenye mkoba.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba ulikuwa mwoga. Uliogopa radi, uliogopa mbwa, uliogopa ngazi za ghorofa. Zaidi ya yote uliogopa pikipiki, kwa sababu uliwaona wale walioletwa kliniki wamefungwa leso miguuni.

Niliponunua ile pikipiki ya mbio, hukusema nami wiki mbili. Nilijaribu kukueleza kwamba siendi barabarani. Huko Murera kuna uwanja, Mwaitu, wa lami tupu. Hakuna lori, hakuna anayevuka, wote tunaelekea upande mmoja. Hata si mashindano. Tuko walimu, fundi wa stima, mwenye duka la dawa, na mimi muuza vigae wa Ruiru. Tunakutana Jumapili moja kwa mwezi tuendeshe kwa kasi mahali ambapo hatutamuumiza mtu. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukauliza swali moja tu.

"Mkianguka, mnaangukia nini?"

"Lami. Halafu kokoto."

"Haya," ukasema, ukaondoa vikombe mezani.

Jumapili yangu ya kwanza ulikuja bila kualikwa, moja kwa moja kutoka kanisani, na kitenge chako na ule mkoba mkubwa wa kazi. Kahiga, anayesimamia siku hizo za uwanjani, alikuletea kiti. Ulikikataa. "Nikikaa sitaweza kukimbia," ulimwambia. Ukasimama kwenye seng'enge, ukiwa umeupa uwanja mgongo. Kuangalia hukuweza. Ulisikiliza tu. Baada ya miezi michache ulikuwa unaijua pikipiki yangu kwa mlio, na ulihesabu kila ilipokupita.

Jumapili ile ya Oktoba haikupita.

Nilikuwa mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka, nainama kuingia kona, tairi la mbele likateleza. Nakumbuka anga, halafu ardhi, halafu anga tena. Kisha kimya. Nilitaka kuamka haraka niwaonyeshe kwamba niko sawa. Nikajiambia, amka, na hakuna kilichotokea. Sikusikia maumivu, na hilo ndilo lililonitisha. Miguu yangu niliiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine aliyelala karibu nami.

Wanaume wawili walinifikia mbio. Ni watu wazuri, na siku hiyo walikuwa na hofu kuliko mimi. Mmoja alinishika helmeti, mwingine akaingiza mikono kwapani. "Tumtoe kwa lami haraka! Vuta! Vuta!"

"Mwacheni!"

Sikuwa nimewahi kukusikia ukipaza sauti hivyo, Mwaitu. "Msimguse huyo mtoto! Wewe, toa mkono kwa helmeti! Toa!"

Ulikuwa umepitia juu ya seng'enge na kitenge kimechanika hadi gotini. Ulipiga magoti nyuma ya kichwa changu, ukaishika helmeti kwa mikono yote miwili, viwiko juu ya mapaja, na hukusonga tena.

"Wavi, usitingishe kichwa. Ukitaka kusema ndiyo, fumba macho."

"Mwaitu, sisikii miguu."

"Nimesikia."

"Nitakufa?"

"Sijui. Pumua."

Ambulansi ilikuwa imeondoka muda mfupi kabla, imempeleka Muigai, mwenzetu aliyevunjika mfupa wa bega. Kahiga alipiga simu, akaambiwa ndio kwanza wanaingia Thika. Mtu akaleta pikapu hadi kando yetu, akafungua nyuma, akasema tuniweke humo twende.

"Hapana," ulisema.

"Sista, atakufia hapa!"

"Nimesema hapana. Analala alivyolala."

Ambulansi ilichukua dakika arobaini kurudi. Jua lilikuwa kali, na Kahiga alisimama akitushikia mwavuli. Kutoka pale chini niliona kidevu chako tu, na jasho likidondoka kwenye kioo cha helmeti. Ulikuwa ukihesabu pumzi zangu kwa sauti ya chini. Mimi niliwaza kitanda. Niliwaza ukinigeuza upande huu na upande ule, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzeeke na ushindwe kunigeuza. Nilitaka kukuomba msamaha lakini niliogopa kufungua mdomo, nisije nikatingisha kitu.

Halafu kidole gumba cha mguu wa kushoto kikawasha, kama kimetembelewa na siafu.

"Mwaitu, kidole kinawasha."

Matone yakaongezeka kwenye kioo, na safari hii hayakuwa jasho.

Wahudumu wa ambulansi walipokwisha kunifunga kwenye ubao, wakakuambia sasa unaweza kuachilia. Vidole vyako vilikataa kufunguka. Walivifungua kimoja kimoja. Njia nzima ulitetemeka hadi meno yakagongana.

Daktari alituonyesha picha ya shingo yangu, mahali mfupa ulipopasuka. "Wangekuvuta kwa kichwa," alisema, "hungetembea tena." Alikuangalia wewe, si mimi, alipokuwa akisema hivyo.

Nilikaa nyumbani miezi mitatu na kola shingoni. Uliniogesha kama mtoto. Siku moja ukinisugua mgongo uliniuliza, "Utarudi?"

"Sijui."

"Unajua," ulisema, ukaendelea kusugua.

Hukunikataza. Ungenikataza, ningepata mtu wa kukasirikia.

Sasa nifike pale pagumu. Nilirudi, Mwaitu, baada ya miezi kumi na mmoja, na nilikudanganya. Nilikuambia nina mkutano wa chama chetu cha akiba huku Mugutha ninakoishi. Nilikudanganya Jumapili tatu, mwezi baada ya mwezi. Ile ya tatu ulinipigia nikivaa glavu, na pikipiki zilikuwa zinapita nyuma yangu.

"Uko chama?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Kuna kelele."

"Ni hapa barabarani."

"Haya. Ukimaliza nipigie."

Nilimaliza saa kumi nikiwa na furaha, maana ile kona nilikuwa nimeipita kila mzunguko bila kutetemeka. Tukapakia pikipiki, nikarudi Mugutha, nikaoga, nikalala. Jumatatu nilikuwa kazini na wateja wengi. Sikukupigia. Jumanne saa tatu asubuhi ni Baba aliyenipigia, na kabla hajasema lolote nilijua kwa jinsi alivyokuwa akipumua.

Watu waliniona sikulia mazishini, wakasema nina moyo mgumu. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na hakika ulikaa siku mbili ukingoja simu yangu, presha ikipanda, na kwamba mimi ndiye niliyekuua. Daktari alieleza kwamba ni presha ya miaka mingi, nikaitikia kwa kichwa na sikumwamini. Kwa miezi mitano sikuthubutu kumuuliza mtu. Nilipokuwa na Baba, nilitafuta kazi jikoni ili tusiangaliane.

Mwishowe nilimuuliza tukitoa maharagwe kwenye maganda pale barazani.

"Baba, Mwaitu alingoja simu yangu ile Jumapili?"

Unamjua Baba, hajui kuzungusha maneno. "Alingoja," alisema.

Nikaweka chini ganda nililoshika.

"Alingoja mpaka saa kumi na moja. Halafu akampigia Kahiga."

"Kahiga? Kwani alikuwa na namba yake?"

"Alikuwa anampigia kila ukienda. Asubuhi anauliza ambulansi imefika, na nani amekaa nayo. Jioni anauliza kama umetoka mzima."

"Alijua kila mara?"

"Wavinya. Huyo alikuwa mama yako." Akavunja ganda lingine. "Kahiga akamwambia umemaliza, umeenda, uko sawa. Mama yako akaweka simu mezani akasema, 'Nitamchapa huyu msichana, mkubwa hivyo.' Halafu akala, akaongeza."

Nililia siku hiyo mpaka jirani akaja kuangalia kuna nini. Nilimpigia Kahiga naye akasema ni kweli yote. Akasema tena kwamba ulimwapisha, tangu siku ya ajali yangu, kuwa ambulansi ikiondoka pikipiki zote zizimwe mpaka irudi. Na zinazimwa hadi leo, hata wageni wakilalamika.

Ningependa kukuambia kwamba hofu imeniisha. Haijaisha. Kuna siku naamini hukufa kwa sababu yangu, na kuna siku siamini. Sijagusa ile pikipiki mwaka mzima. Naogopa kuipanda, na naogopa zaidi kuiuza, kwa sababu nikiiuza ni kama nimekubali kwamba ndiyo iliyokuondoa.

Wiki jana nilienda Makongeni nikamwambia Baba ukweli nikiwa nimesimama mlangoni, kabla sijakaa na kubadili nia.

"Baba, Jumapili ya mwisho wa mwezi naenda uwanjani. Sijui kama nitapanda. Lakini naenda."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Mimi siwezi kuja kusimama pale," alisema. "Moyo wangu hauwezi. Na siwezi kuwa mama yako." Akanivutia kiti. "Lakini nenda. Mimi nitakaa hapa na nitakuogopea mpaka urudi."

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mume wako Nzioki. Mwanao Mulei na mkewe Dianah, na wajukuu wako wawili wanaoendelea kukutafuta kila wakichomwa sindano. Mimi binti yako Wavinya. Rafiki yako wa miaka yote pale kliniki, Sista Perez. Kahiga na waendeshaji wote wa Murera. Na majirani wa Makongeni. Ibada ya kukukumbuka itakuwa kanisani kwako Jumamosi hii saa nne asubuhi, kisha chai nyumbani.

Hatujui kukusahau, Mwaitu, wala hatutajifunza.