Baka Nyuma ya Goti la Mama Mkwe

Mpendwa mshauri Danutė,

Kila Ijumaa nasoma ukurasa wako na huwa nayacheka matatizo ya watu, leo zamu yangu imefika, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke sana maana roho yangu haijatulia tangu Jumamosi.

Mimi nimeolewa huku Dzūkija kwenye misitu, mume wangu Rolandas anafanya kazi mji mkuu, Vilnius, na hurudi mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi tuko wawili tu nyumbani, mimi na mama yake, Genovaitė. Niache kwanza nimsifu huyu mama, kwa sababu wengine wakikuandikia kuhusu mama wakwe zao ni vilio tu. Huyu wangu ana miaka sabini na ushee na hakuna anayemfikia. Anaamka kabla hatujajua kumekucha, anavaa sketi yake ya sufi na mabuti ya mpira kama mama yake alivyovaa, anachukua kikapu anaingia msituni, na akirudi kikapu kimejaa baravykai, uyoga ule mnene wenye kofia ya kahawia, safi, hauna hata funza mmoja, wakati watu wa mjini wamezunguka siku nzima na suruali zao nyeupe wakaambulia kofia mbili zilizooza. Mashindano ya uyoga ya Varėna ameshinda mpaka watu wanasema amekula njama na misonobari. Anakotoa hasemi. Nimemsafishia uyoga, nimemkaushia, nimeupika kwa krimu na viazi, lakini siku nikijidai kumsindikiza, tukifika pale njia inapogawanyika anageuka: "Rudi nyumbani, mkaza mwanangu, kuna viazi vinakungoja." Hata mwanawe wa kumzaa hapajui.

Na anavyomtunza mbwa wetu Margis! Kila jioni anamlaza miguuni pake, anampitisha vidole kuanzia masikioni hadi mkiani, akimkuta kupe anamng'oa kwa kibanio, na kidonge chake cha kuzuia kupe hakipitwi na muda. Daktari wa mifugo alisema wilaya nzima hajaona mbwa mwenye bahati kama yule.

Sasa tatizo. Jumamosi tuliwasha bafu la mvuke kama kawaida yetu, tukaingia wanawake wawili, nikawa nampiga mgongoni na miguuni kwa fungu la majani ya mti wa birchi, damu ichangamke, nikafika nyuma ya goti nikaacha kupiga. Palikuwa na baka jekundu kubwa kuliko kiganja changu, katikati limepauka na pembeni lina duara, kama alama inayoachwa mezani na kikombe cha chai.

"Mama, hiki nini?"

"Kipi?"

"Hapa nyuma ya goti, pamekuwa pekundu."

"Ah, hapo! Kupe aliniuma kitambo, nikampaka siagi mpaka akachoka akaachia. Haliumi wala haliwashi. Piga bwana, mvuke unapoa."

"Mama, hili si lile la kwenye bango la zahanati? Ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto wewe! Mimi si nimechanjwa chanjo ya kupe? Tena kila mwaka wa kurudia narudia. Kupe akiniuma mimi, wa kuhurumiwa ni yeye."

Lakini alipoona sicheki akanishika mkono, akaniambia mambo ya bafuni yanabaki bafuni, na wewe unajua kwetu hilo si la kuchezea, tangu bibi zetu kilichoonekana kwenye mvuke hakitoki mlangoni, nikaapa. Anachoogopa nakijua. Mwaka juzi aliteguka mguu msituni tukamtafuta na tochi, na Rolandas alisema mezani mbele ya ukoo mzima: "Mama, msitu ukikuumiza tena, nauza nyumba hii tunahamia wote Vilnius, na hakuna mjadala." Na Rolandas akisema amesema.

Tangu hiyo Jumamosi namchungulia, na sasa hivi baada ya chakula cha mchana analala, yeye ambaye mchana alikuwa hajui kitanda kikoje, na jana alishindwa kugeuza shingo akasema ni upepo wa dirishani. Mashindano yako karibu. Nikisema, nimemtoa msituni, na mama huyu ukimweka ghorofa ya tano Vilnius atanyauka mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, baka linakua. Nampenda kama mama aliyenizaa, mshauri, na sijui nimpende kwa kusema au kwa kunyamaza. Namba yangu ya simu nimeiandika chini.

Vilija


JIBU

Vilija mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama na sikukaa. Ulishangaa nilipokupigia simu saa ileile, lakini gazeti hili hutoka Ijumaa na baka hilo halina habari na Ijumaa. Nilichokuambia kwenye simu nakirudia hapa, kwa sababu najua ni jikoni ngapi za wilaya hii ambako kupe hupakwa siagi.

Kwanza nikugombeze. Umekaa na jambo hili kifuani, unamchungulia mgonjwa akilala mchana, unangoja nini? Kiapo cha bafuni ni kizuri sana, mimi mwenyewe nimekilinda maisha yangu yote, lakini kiliwekwa ili wanawake wasisemane matiti na makovu. Hakikuwekwa ili mama wa watu aumwe kimyakimya. Kumwambia daktari si kutoa siri nje. Mume wako hakuwa wa kuambiwa kwanza, na hapo ulikuwa sahihi kabisa.

Mimi si daktari, kwa hiyo kabla ya kukupigia nilimpigia mmoja. Alinijibu hata sijamaliza sentensi: baka linalopanuka baada ya kuumwa na kupe, hata kama haliumi wala haliwashi, ni la kupelekwa kwa daktari leo. Mara nyingi daktari akiliona lilivyo anaanza dawa bila kungoja kipimo cha damu, maana mwanzoni kipimo kinaweza kusema hakuna kitu na kumbe kipo. Likiwahiwa, dawa za kuua bakteria zikamalizwa zote, watu wengi sana hupona kabisa. Likiachwa, baka linafifia lenyewe, mtu anashangilia, na ugonjwa unahamia kwenye viungo, kwenye mishipa ya fahamu, hata kwenye moyo. Ile shingo haikuwa upepo wa dirishani.

Na chanjo, jamani, chanjo! Hapa ndipo sisi watu wa huku tunapojidanganya kuliko wote duniani. Tunaiita chanjo ya kupe, basi tunadhani tumechanjwa dhidi ya kupe mzima na miguu yake yote minane. Ile ni ya homa ya ubongo, ugonjwa mwingine kabisa ambao kupe huyohuyo hubeba, na ni chanjo ya maana, endeleeni kuirudia. Lyme haigusi. Ya Lyme kwa ajili ya watu bado hatuna. Kwa mbwa ipo, muulize daktari wa mifugo kama Margis anaihitaji, na siku ukimwona anachechemea au amekataa chakula usiseme kachoka kukimbiza sungura.

Siagi iacheni kwenye mkate. Ukimpaka kupe mafuta unamkosesha raha, na kupe aliyekosa raha anaweza kutema uchafu wake ndani yako. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja, osha, kisha tazama mahali pale kila siku kwa wiki kadhaa. Ukimtoa mapema, mara nyingi hajapata nafasi ya kukuambukiza. Sketi na mabuti ni vazi la heshima, lakini goti linabaki wazi na kupe yuko kwenye nyasi anangoja goti hilo. Wale watu wa mjini mnaowacheka kwa suruali nyeupe iliyochomekwa kwenye soksi, kwa uyoga hawajui kitu, kwa kupe wamewashinda. Kwenye kitambaa cheupe anaonekana akipanda.

Sasa nikuambie kitu ambacho wewe hukijui.

Ulimpeleka kwa daktari siku ileile kama nilivyokuagiza, hilo nalijua na nakupongeza. Usilolijua ni kwamba jana, wakati wewe uko dukani, mama mkwe wako alinipigia simu mwenyewe.

"Wewe ndiye Danutė wa gazetini?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mkaza mwanangu amekiri kwamba alikuandikia. Umenichongea."

"Nimekuchongea kwa daktari, mama, si kwa kijiji."

"Hmm. Daktari mwenyewe kijana, mikono baridi. Lakini dawa zake zinafanya kazi, shingo inageuka."

"Na Rolandas?"

"Nimempigia nikamwambia kwa mdomo wangu. Akaanza kupandisha sauti, Vilnius, Vilnius. Nikamwambia, mwanangu, Margis anaingia msitu uleule ninaoingia mimi, na hajawahi kuugua hata siku moja. Msitu hauna kosa. Nilimkagua mbwa kila jioni nikajisahau mwenyewe. Uza nyumba basi, umpeleke na mbwa ghorofani."

Nilicheka, Vilija, sikufichi. Nikamuuliza Rolandas alijibu nini.

"Alisema tutaona, na yule akisema tutaona ujue ameshindwa. Halafu akaniuliza, sasa nyuma ya magoti mwenyewe huoni, nani atakukagua? Nikamwambia, mke wako. Yule msichana ndiye aliyeona. Mimi nilimtukuza mbwa tu nyumba hii, kumbe aliyekuwa ananitazama mimi ni yeye." Kisha akageuza mazungumzo. "Daktari ameniruhusu kutembea, nisijichoshe na nikwepe jua kali kwa sababu ya dawa. Nikamwambia kijana, ninakokwenda jua halifiki. Jumamosi alfajiri ninaingia, na yeye anaingia na mimi. Sijamwambia bado. Atasoma kwako."

Nikamuuliza kama niandike majina yenu au niyafiche.

"Majina andika, sina cha kuonea haya. Ila ole wako uandike ni msitu gani."

Mama huyu, Vilija, ulisema kweli, hakuna anayemfikia. Basi leo ni Ijumaa, na ushauri wangu ni huu. Usiku huu mtafutie soksi ndefu nyeupe, na wewe tafuta zako, chomekeni suruali humo mjipake dawa ya kufukuza wadudu. Mkirudi, vueni nguo za msituni mlangoni, mkaguane nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mapaja na nyuma ya masikio, kisha ndiyo zamu ya Margis.

Na mkifika pale njia inapogawanyika, usisimame. Viazi vitakungoja.

Danutė