Nanga za Ngungu Zinakwenda Kashebere

Papa Bauma,

Leo asubuhi Mama Sifa amenifukuza jikoni kwake, na nimetoka nikicheka. Nimeona hiyo ndiyo habari ya kwanza unayopaswa kupata, kwa maana mwaka jana mke wako hakuwa na nguvu ya kufukuza hata kuku. Nilikuwa nimekaza nyuzi za nanga, nikapiga wimbo kidogo, nikamuuliza kama sauti zimekaa, na kabla hajajibu nikasema mwenyewe kwamba naona zimekaa. Akanitupia ganda la muhogo.

"Kama unaona, sasa unaniuliza juu ya nini? Enda ukaone kwenu!"

Ni mimi, Kambale wa duka, mwanafunzi wako ambaye ulisema anapiga nanga kama mtu anayepima chumvi. Ulituacha pale hospitalini Kirotshe, huku bado unatupangia mazoezi ya Jumamosi. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na kitu chochote kizuri cha kukuambia. Sasa ninacho, lakini ili ukielewe inabidi nikupitishe kwanza katika kibaya.

Tulipokuzika, tulifanya kwa nanga yako kama wewe ulivyofanya kwa nanga ya baba yako. Tuliilegeza uzi, tukaitundika ukutani juu ya kitanda chako, tukasema itakaa hivyo mpaka siku ya kuondoa kilio. Zile nanga tano za klabu yetu zilibaki chini kama ulivyoziacha, zimekazwa na mikono yako. Tulizipiga majuma matatu, na watu wa soko walikuwa wanasimama na mizigo yao kutusikiliza. Halafu mvua ikaanza. Unajua baridi ya Ngungu inavyoingia ndani ya mbao. Ya kwanza ikalegea, ikafuata ya pili, na Jumamosi moja Gervais akaacha kupiga ngoma, akatutazama sote, akauliza, "Sasa nani anakaza?"

Papa, hakuna aliyejua kukaza. Miaka sita nilikuwa mwanafunzi wako. Kila Jumamosi nilifunga duka, nikapanda kwako, nikakuta nanga tano zimeegemea ukuta, tayari kabisa. Nilikaa, nikachukua moja, nikapiga. Sikujiuliza hata siku moja ulianza saa ngapi, wala uliifanyaje. Nilijua nyimbo kumi na nne, na sikujua kukaza uzi mmoja. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Na nanga, wewe ndiye uliyenieleza, haina huruma. Uzi wake ni mmoja tu, unakwenda na kurudi juu ya ule ubao uliochimbwa, mara nane, kutoka jino hadi jino. Ukivuta wa tatu, wa pili unalegea. Ukirudi kwa wa pili, wa nne anakasirika. Lazima ujue uanzie wapi na umalizie wapi, na huo mpango ulikuwa kichwani mwako peke yako. Sauti yako tulikuwa nayo katika telefone ya Gervais, lakini ile telefone ilibaki njiani siku tulipokimbia vita, pamoja na magodoro yangu mawili.

Sasa usikie upumbavu wetu. Mimi, mtu wa Butembo, niliyezaliwa nyuma ya meza ya duka, nikapiga hesabu. Nanga ina nyuzi nane. Do, re, mi, fa, sol, la, si, do: nane! Nikaruka kama mtu aliyeokota kuku wa jirani. Jumapili baada ya misa tukabeba nanga zote tano, tukaenda kwa yule kijana anayepiga piano ya kwaya, akatupa sauti moja moja, na sisi tukakaza. Tulishinda pale mpaka jua likageuka. Zilipomalizika zilikuwa zinalia safi sana, na niliona kwamba hata wewe ungenipa mkono.

Tukazipiga siku ya kuondoa kilio chako.

Ndugu zako wote walikuwapo, pombe ya kasiksi ilikuwapo, nyama ilikuwapo. Tukaanza ule wimbo wako wa ng'ombe wanaopanda mlima. Hatukufika hata katikati, Mama Sifa akasimama. Akashika kitenge chake, akapita mbele yetu bila kutuangalia, akaingia ndani na kufunga mlango. Watu wakasema maskini, bado ana uchungu, mmemkumbusha mume wake. Sisi pia tukasema hivyo. Shangazi yako mmoja tu, yule mzee wa Bihambwe, alitikisa kichwa akasema, "Wimbo iko muzuri, lakini leo imevaa soutane ya padri." Tukacheka, tukafikiri ni kasiksi inayosema.

Tangu siku ile niliogopa. Nilijiambia kwamba kila tukipiga tunamtonesha mjane kidonda. Nikahamisha mazoezi, yakatoka kwenu yakaja nyuma ya duka langu, kati ya madumu ya mafuta. Na nyimbo zenyewe zilianza kutuchosha, sijui nikuelezeje. Tulikuwa hatukosei mahali popote, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kurudia. Mmoja akasema ana kazi shambani, mwingine akaanza kwaya. Tukabaki watatu, mimi na Gervais na Noëlla mwalimu, tunaangaliana kama watu waliokosa gari. Nikaanza kufikiri kwamba klabu ilikuwa ni wewe tu, na kwamba tumekuzika nayo.

Kilichoniokoa ni chumvi. Nilimpelekea Mama Sifa chumvi na sabuni asubuhi moja, akiwa jikoni anachambua maharage. Nikasema nisije nikakaa na jambo hili moyoni. Nikamwomba msamaha kwa siku ile, kwamba tulimliza.

Aliweka ungo chini. "Kambale, wewe ulifikiri mi ninalilia mufu? Mufu nilishamulilia ku Kirotshe. Siku ile nililia masikio yangu. Ile haikuwa nanga. Ile ilikuwa piano ya parokia imeingia mu mbao."

Halafu akaanza kunisomesha, na hasira ya miezi mingi ikatoka yote. Miaka arobaini, akasema, kila siku anawasha moto na wewe umekaa mlangoni unakaza. Unavuta uzi, unaimba kipande kidogo, unavuta mwingine, unaimba kipande kingine. Watoto walizaliwa katika vipande vile. Maharage yaliungua katika vipande vile. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza yeye kitu, isipokuwa kama chai imeiva.

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, kumbe sisi wakubwa hatukumuuliza mtu aliyekuwa amekaa pale pale.

Nilikimbia, Papa. Mtu mwenye duka, na tumbo hili, nilikimbia kwenye matope mpaka kwangu na kurudi na nanga kichwani. Yeye alikataa kuigusa. "Mi siguse. Mi nitasikia." Akarudi kwenye maharage yake na kunipa mgongo. Mimi nikavuta. Akasema bado. Nikavuta. Bado. Nikavuta tena, akaimba kile kipande cha kwanza, kidogo tu, kama maneno sita ya Kihunde, na mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Hapo. Usimuguse tena." Kisha nikataka kwenda kwa wa pili, akapiga kelele: hapana, Bauma hakuwahi kwenda kwa wa pili, alikuwa anaruka mpaka wa tano! Ndiyo maana sisi wote tulishindwa. Wa tano, halafu wa tatu, na wa pili unajikuta umefika wenyewe karibu na nyumba yake.

Tulimaliza kukaza, maharage yakiwa bado mabichi kwenye ungo. Nikapiga ule wimbo wa ng'ombe. Mikono yangu ni ile ile, ile ya kupima chumvi, lakini ule wimbo ulipanda, Papa. Ulipanda mlima. Mama Sifa hakutoka wala hakufunga mlango. Alinigeukia na macho yamejaa, akasema, "Nitaweka chai." Mimi nililia wazi wazi, sikujificha.

Kwa hiyo nanga yako, ambayo hata siku ya kuondoa kilio hatukuthubutu kuigusa, imeshuka ukutani. Nimeiwekea uzi mpya, ule wa nailo wa wavuvi wa Kirotshe, kwa sababu mishipa ya ng'ombe siku hizi wachinjaji wanaitupa kabla hujafika. Usinikasirikie. Mama Sifa ameisikiliza, amesema inalia kidogo kupitia puani lakini inasema kweli.

Mazoezi yamerudi kwenu, Jumamosi soko likifungwa, na Jumatano kwa wanafunzi wa Noëlla. Tuko kumi na mmoja. Wawili ni mabinti, na mmoja wao, Zawadi, ana vidole ambavyo ungevionea wivu, nakuambia kabisa. Tunachimba nanga mbili mpya, za mti uliouacha unakauka juu ya moshi. Mwezi ujao tuna ndoa huku Ngungu, halafu shule imetuomba siku ya kufunga mwaka. Lakini kubwa kuliko yote ni Jumapili hii: tunakwenda Kashebere.

Ndiyo, Kashebere yenyewe, uliyokuwa unasema kila mwaka kwamba utafika kabla hujafa. Wale watu wa Walikale wanaopiga likembe kwa vidole gumba wametuandikia barua. Wanakusanya vikundi vya huku Masisi na vya kwao, kila kikundi kitapiga nyimbo tatu, na mwishoni tutapiga pamoja, tuone kama nanga na likembe zinaweza kuelewana bila kugombana. Tunaondoka Ijumaa kwa pikipiki, barabara ikitukubali, tutalala Masisi kwa dada yake Gervais. Nanga zitafungwa ndani ya blanketi. Mama Sifa anakuja. Ameshatoa kitenge kipya, na ameshamwambia mwenye pikipiki kwamba akienda mbio atamshusha yeye, pikipiki ataiendesha mwenyewe.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Jana tumegombana, mimi na Gervais. Yeye anataka Jumapili nitangulie mapema, nizikaze nanga zote sita na Mama Sifa pembeni yangu, ili wengine wakija waketi na kupiga. "Siku ya watu haiko siku ya masomo," ameniambia. "Tukienda kule na sauti mbovu, watatucheka mpaka Walikale-centre." Ana haki. Wanafunzi bado wanakosea. Zawadi mwenyewe juzi alichukua muda wa kupika ugali mzima kwa uzi mmoja, na ukakatika.

Nimewaza usiku na mchana. Nilikuwa karibu kumkubalia, kwa sababu nimegundua utamu wake. Unajua utamu huo kuliko mimi. Unafika peke yako, unazikaza zote, wanakuja, wanakuta tayari, wanakuona wewe ndiwe baba wa nyumba. Ni upendo, sikatai. Nilipendwa hivyo miaka sita na sikutaka mwingine.

Lakini acha nikuambie, Papa, na unisamehe, maana marehemu hasemwi vibaya. Ulitupenda vibaya kidogo. Ulituondolea taabu yote, na pamoja na taabu ukatuondolea na nanga yenyewe. Kama Mama Sifa angekuwa kiziwi, au kama tungemzika kabla yako, leo nanga yako ingekuwa ukutani pale inaoza na sisi tungekuwa tunapiga do-re-mi. Nimekuwa na hasira na wewe kwa jambo hilo. Nimeibeba tangu ile asubuhi ya maharage, na nimeona nisiende Kashebere nayo mgongoni. Ndiyo hii, nimeishusha. Chini yake nimekuta bado nakupenda vile vile, na bado nasikia ukinicheka.

Lala salama, Papa Bauma. Mungu akupe kiti karibu na mlango, mahali penye moto, na mtu wa kukuletea chai. Watoto wako wazima, shamba la juu limepata viazi, na mke wako ameanza tena kugombeza watu.

Nami ninakuahidi hivi. Jumapili, mbele ya wale watu wote wa Walikale na Masisi, kila mpigaji wetu atakaa na nanga yake na ataikaza mwenyewe. Itachukua muda. Watu watakohoa, watoto watauliza kama tumeshaanza. Gervais ataniangalia kwa macho ya kunimeza. Zawadi atavuta wa tano, atakosea, atarudi, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake, naona kabisa kosa liko wapi, na mikono yangu itakuwa mfukoni.

Mwanafunzi wako,
Kambale