Bei ya Kurasa za Mama Kapu

Chepseon,
9 Juni 1996

Ndugu Mokaya,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Fancy, ambaye anachuja maziwa hapa jikoni na amenionya nisisahau kumtaja. Mko salama huko Keroka? Mama Sellah, magoti yanamruhusu kutembea hadi kanisani? Na mkeo Janefer je? Nyatichi nadhani sasa yuko darasa la tatu na akiniona njiani atanipita kama mgeni. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imekuja kwa wakati, majani chai yamejaa hadi wachumaji hawatoshi, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Mimi bado nafundisha darasa la saba. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usishangae.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mgeni. Wiki tatu zilizopita alikuja hapa nyumbani mwanamume anayeitwa Kipkemboi, mzaliwa wa Litein. Alisomea Ubelgiji, na anasema kule watu wazima hununua kurasa za katuni zilizochorwa kwa mkono wakazitundika sebuleni, kama sisi tunavyotundika kalenda. Siku hizi anatafuta picha za kuonyeshwa na kuuzwa Nairobi. Nilidhani amepotea njia mpaka aliponiuliza kama mimi ndiye yule N. Kipkosgei aliyekuwa akitunga hadithi za Mama Kapu.

Mokaya, alimtaja Mama Kapu kama mtu anavyomtaja shangazi yake. Alikuwa shule ya bweni wakati ule, na anasema gazeti letu moja lilikuwa linapita mikononi mwa wavulana arobaini hadi linabaki bila jalada. Anakumbuka jinsi mama yule mchuma chai alivyokuwa akikamata wezi na kuwabeba kwenye kapu mgongoni hadi kwa chifu. Alijua hata mwaka ambao mchapishaji wetu wa Nakuru alifunga. Nilicheka peke yangu. Nilidhani mimi na wewe tu ndio tuliobaki tukimkumbuka.

Akauliza kama kuna ukurasa wowote uliobaki, si wa kuchapishwa bali ule wenyewe uliopita chini ya mkono wako. Nilimwonyesha ule mliotuzawadia siku ya harusi yetu, Mama Kapu anaruka mtaro wa kiwanda. Aliniomba ruhusa autoe kwenye kioo. Kwanza aliugeuza akatazama nyuma. Kisha akanionyesha mambo ambayo nimeishi nayo ukutani miaka minane bila kuyaona: mistari ya penseli chini ya wino, rangi nyeupe mahali ulipolirudia sikio la mwizi mara tatu, na alama ya kidole gumba pembeni. Alisema magazeti yalichapishwa elfu tatu, lakini hii karatasi ni moja tu duniani.

Akatoa bei: shilingi elfu tatu.

Unakumbuka mchapishaji alitulipa mia moja na hamsini kwa ukurasa, tisini zako na sitini zangu. Kwanza elfu tatu niliziona nyingi. Alipomaliza chai yake nikaziona kama wizi. Nikamuuliza amezipataje. Alinieleza kwa utaratibu kabisa, kama mtu wa mnada wa mifugo anayekuonyesha meno na kwato. Ukurasa ambao shujaa anaonekana uso na anafanya jambo, huo ni wa bei. Ukurasa wa watu kukaa tu wakinywa chai ni nusu yake. Ukurasa wa kwanza wa hadithi unazidi yote. Unyevu unapunguza, panya wanapunguza. Na mtunzi, akasema akinitazama kwa huruma kidogo, hana sehemu katika karatasi. Hadithi ni ya mtunzi, karatasi ni ya aliyechora. Nikamwambia basi mimi siwezi kupanga bei. Akasema atarudi, na mimi nifikirie bei ambayo nitaiona ya haki.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nilipiga hesabu kwa njia zangu. Nilijua ukurasa mmoja ulikuchukua siku mbili, na wakati ule ukiandika mabango ya maduka ulilipwa mia mbili kwa siku, basi ukurasa ni mia nne. Haiwezekani. Nikaenda kwa Ombui fundi aliyetutengenezea fremu. Akaniambia fremu yenyewe ni mia tatu na hamsini, lakini fremu anaweza kutengeneza nyingine kesho, karatasi hiyo hawezi hata akipewa mwaka. Kwa hiyo ni ngapi? Akainua mabega akarudi kupiga randa. Fancy alisema zawadi ya harusi haiuzwi bila kumuuliza aliyeitoa, na akataka nikuandikie siku hiyo hiyo. Nikamwambia nitaandika. Sikuandika. Niliamka mapema nikatembea kwenye chai hadi suruali ikalowa umande magotini, nikarudi, nikatoka tena. Darasani niliandika tarakimu za bei ya ukurasa wako ubaoni badala ya zoezi, na watoto wakazinakili wote.

Kipkemboi alirudi Alhamisi iliyopita. Safari hii aliuliza swali ambalo hakuwa ameliuliza: yule mchoraji bado anachora? Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba katika vita vile vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili nyumba yako ilichomwa, na mkono wako wa kulia uliungua, na vidole havikunjiki tena. Alivua kofia. Alihuzunika kweli, si kwa kujionyesha. Kisha akatoa daftari lake, akakata zile elfu tatu, akaandika nane.

"Mwalimu, naona aibu kusema," akaniambia, "lakini hakutakuwa na nyingine. Hiyo ndiyo inapandisha bei."

Nilibaki nikiitazama ile nane. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli hakuna kurasa nyingine popote. Amezihesabu kutoka kwenye magazeti ya zamani, zilikuwa sitini na mbili. Kama zingekuwepo angezinunua zote, na mchoraji angejenga nyumba ya mawe huko aliko. Nikamjibu kwamba zote ziliungua isipokuwa hii. Neno hilo nimelisema miaka minne na ulimi haukunisaliti hata siku moja.

Mokaya, hazikuungua. Sitini na moja ziko hapa, ndani ya sanduku lako la bati, na sanduku liko darini kwangu tangu Machi ya mwaka ule.

Usome hadi mwisho, nakuomba, kisha ufanye utakalo.

Jumatatu ya wiki ile nilipopeleka maziwa, binamu yangu aliniita kando akaniambia kwamba Jumatano zile nyumba za kukodi kando ya barabara, yenu ikiwemo, zitachomwa, na kwamba nikifungua mdomo yangu itafuata. Niliogopa. Sitatafuta neno zuri zaidi ya hilo. Jumanne wewe ulikuwa Kericho ukiandika bango, Janefer yuko sokoni, na mimi nilikuwa na ufunguo wa kile chumba chako cha kazi. Niliingia nikabeba sanduku la kurasa kutoka chini ya meza. Nilijiambia kwamba ukirudi ukalikosa utaniuliza, na ukiniuliza nitakwambia. Hata hilo lilikuwa la kujidanganya. Ulirudi umechoka, hukuangalia chini ya meza. Mimi jioni ile sikupita kwenu, ingawa nilipita kila jioni.

Jumatano walikuja saa tatu asubuhi. Nilikuwa kwenye mahindi juu ya barabara. Nilikuona ukimtoa Mama Sellah umembeba mgongoni, na Janefer na mtoto, ukawafikisha ng'ambo. Mlikuwa mmepona wote. Halafu nikakuona ukigeuka, ukarudi mbio, ukaingia. Watu walidhani umerukwa na akili. Mimi peke yangu kwenye mlima ule nilijua unatafuta nini, na nilijua hakipo. Ningepaza sauti ungenisikia. Sikupaza. Binamu yangu alikuwa hatua chache kutoka niliposimama. Ulipotoka ulikuwa umeushika mkono wako kama kitu cha mtu mwingine.

Nilipokuja kukuona hospitalini uliniuliza kama kuna chochote kilichopona. Nikasema hakuna. Kama ningesema sanduku liko kwangu, ungeuliza lilifikaje. Nawe, umefungwa bendeji hadi begani, ndiye uliyenifariji mimi. Ulisema, "Karatasi ni karatasi, Noah. Tutachora nyingine."

Kwa hiyo zile elfu tano zilizoongezeka nilijua zimetoka wapi. Wiki tatu nilikuwa nikihangaika na bei ya karatasi, nikiuliza mafundi, nikigawanya siku kwa shilingi, ili nisifike mahali nilipofika Alhamisi.

Jana, Jumamosi, nilimwambia Fancy yote. Alipanda mwenyewe darini akaliteremsha sanduku, akafuta vumbi, akasema barua peke yake haitoshi. Kwa Kipkemboi nimetuma ujumbe kwamba kurasa zipo, kwamba zina mwenyewe, na kwamba mkono uliozichora uliungua kwa sababu yangu. Anwani yake naiweka humu. Ukitaka kumuuzia, usikubali chini ya elfu nane. Na zile kurasa saba za mwanzo wa hadithi, mdai zaidi, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nimezikagua moja moja. Mbili zimepata unyevu pembeni. Panya hawakuzigusa. Ya harusi pia nimeitoa kwenye fremu nikaiweka humo, zitimie sitini na mbili. Sehemu ya mtunzi sitaki, hata ukinipa.

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili nitakuwa Keroka na sanduku, mbele ya posta, kuanzia saa nne. Kama hutaki kuniona, mtume Janefer. Nitamkabidhi na kuondoka bila kumsumbua kwa maneno. Ukitaka nikaseme haya mbele ya chifu, au mbele ya kanisa lenu, au nimtaje binamu yangu mbele ya yeyote, nitasema, na nitasimama hapo hadi umalize kuniuliza. Sikuombi msamaha kwa barua. Kuna mambo ambayo mtu anapaswa kuyaomba akiwa amesimama mahali anapoweza kupigwa.

Msalimie Mama Sellah. Msalimie Janefer, na umwambie ukweli kabla sijafika, asije akanikaribisha chai. Nyatichi mbusu kipajini. Fancy anawasalimu nyote, naye analia, lakini amesema nisiliandike hilo.

Nimetafuta neno la kuweka juu ya jina langu, lile ambalo watu huandika mwisho wa barua, na kila ninaloliandika nalikata.

Noah Kipkosgei