Hedifoni za Makena na Amplifaya Niliyoiombea

Jumanne, jioni. Nkubu. Ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi, haujataka kuondoka.

Bwana asifiwe, wewe unayesoma hapa. U mzima? Watoto waliamkaje, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua? Sijui ni nani kati yenu mwenye mguu wa kusumbua, lakini katika umri wetu huu hakosi mmoja. Nawaombea wote. Huku ni baridi ya sweta mbili. Mwili wangu ni mzima, asante kwa Mungu. Roho ndiyo haijatulia.

Wacha nieleze polepole, kwa sababu wengine mnaingia kwenye ukurasa wangu huu kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa kisiagi. Nasaga mahindi ya watu hapa sokoni tangu ujana wangu, na Jumapili naimba besi katika kwaya ya kanisa letu. Hizo mbili ndizo maisha yangu. Sikusoma sana, kwa hivyo ukiona nimekosea mahali, wewe songa mbele tu.

Binti yangu Makena, anayefanya kazi Embu, aliniletea hedifoni alipokuja kutuona. Si zile ndogo za kuingiza ndani ya sikio. Hizi ni kubwa, zinafunika sikio lote, na zinaweza kuzima kelele za nje. Mwalimu wa kwaya hututumia sauti zetu kwa simu, kila mtu na yake, na Makena alitaka niwe najifunza besi yangu hapo hapo kazini bila mashine kunisumbua. Nilizivaa mbele yake nikatabasamu. Nilimwambia ni nzuri sana.

Lakini sauti ilikuwa chini.

Alipoondoka nikaipandisha mpaka mwisho. Bado ilikuwa chini. Niliisikia besi kama mtu anayeimba ng'ambo ya bonde.

Nikampelekea Kirimi, anayeshughulikia vyombo vya sauti pale kanisani. Siku hiyo chaji ilikuwa imeisha, akaziunganisha na simu yake kwa waya, akasikiliza, akakunja uso. "Mzee, hizi zinataka amplifaya yake. Saa hii ni kama mtoto amevalishwa koti la askofu. Koti liko, nguvu ya kulibeba hakuna."

Mimi amplifaya ninayoijua ni ile ya kanisa ya kukuza sauti, ile wanaume wawili hubeba tukienda mazishi. Nikajiona nasaga mahindi na lile sanduku mgongoni. Kirimi akacheka sana, akaniambia siku hizi kuna ndogo za kukaa mfukoni.

Basi likawa ndilo wazo langu, kula nalo, kutembea nalo. Je, ni lazima? Nikinunua isiyofaa, itaziunguza? Na nitamwambia nini Makena, kwamba zawadi yake imekuja nusu? Niliziweka chaji ikajaa, nikajaribu tena, na hali ilikuwa ile ile. Nikazidi kumwamini Kirimi.

Nawaambia ukweli ingawa naona haya: niliiombea hiyo amplifaya. Katika maombi yangu ya asubuhi, baada ya wagonjwa na kabla ya mvua, niliiweka hapo katikati. Bwana, nionyeshe iliyo sawa.

Jumamosi nikaenda Meru mjini, kwa Bwana Hassan, mfanyabiashara wa simu na redio ambaye tumejuana miaka mingi. Alizigeuzageuza hedifoni, akawasha, akazima.

"Mzee wangu, hii iko na amplifaya yake ndani. Ndiyo inakula hiyo chaji. Chaji ikiisha ukatumia waya, sauti lazima ianguke. Lakini chaji ikiwa imejaa, haitaki msaada wa mtu."

"Imejaa," nikamwambia. "Wewe niuzie tu nyingine."

"Nikuuzie ya nini? Ndiyo urudi kunitukana?"

"Sitakutukana."

"Najua. Nyinyi watu wa kanisa hamtukani, mnanyamaza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Watu dukani walicheka. Mimi nilitoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimekuja tayari kununua, na mtu amekataa kuniuzia! Nilifika Nkubu bado nimenuna, na sikujua ni kwa nini hasa.

Leo ndiyo nimejua. Mimi nilitaka sana aniuzie. Kama dawa yangu ilikuwa inakaa dukani, basi ugonjwa ulikuwa wa hedifoni.

Leo mchana mashine ilikuwa imezimwa kidogo ipoe. Mama Makena, mke wangu, akaniletea uji, akanikuta nimekaa juu ya gunia na hedifoni masikioni. Akaniuliza kwa mkono, unasikiliza nini? Nikamvisha yeye ili asikie tulivyo wazuri sisi watu wa besi.

Alizing'oa kichwani kama mtu aliyeingiliwa na nyuki.

"Ai! Baba Makena! Unataka kuniua?"

Mama Kendi, jirani yetu aliyekuwa akingoja unga wake, akashika tumbo kwa kicheko. "Wee mzee, umpeleke polepole, huyo ndiye uko naye. Mwingine hupati."

Sote tulicheka. Kisha nikaona Mama Makena ameacha kucheka.

Akazivaa tena, taratibu. Akachukua simu yangu, akashusha sauti, akashusha tena, mpaka uso wake ukatulia na kichwa kikaanza kufuata wimbo. Akazivua akanivisha mimi, bila kugusa kitu kingine.

Nilifikiri zimezimika. Nikazitoa nikaangalia ile taa ndogo ya pembeni. Ilikuwa inawaka.

"Si hedifoni, Baba Makena," akaniambia. Aliongea chini chini ili Mama Kendi asisikie. Nami nilimwelewa, lakini ni kwa sababu nilikuwa namtazama mdomo.

 Niliinuka nikawasha mashine, kwa sababu mashine haiulizi mtu maswali.

Hapa sasa ndipo pananiogopesha. Mwenye kisiagi huongozwa na mlio. Mahindi yakikaribia kuisha juu, mlio hubadilika, unaongeza mengine au unazima. Mimi kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka kiganja kwenye bati la mashine, na huo mtetemeko ndio unaoniambia. Watu wa soko wanapenda kuwaonyesha wageni: mtazameni Baba Makena, yeye husikia mashine kwa mkono. Na mimi nimekuwa nikijisifu! Nimeona ni ufundi, ni kipaji Mungu alinipa baada ya miaka mingi ya kazi.

Leo niliuondoa mkono. Nikamimina mahindi ya Mama Kendi, nikarudi nyuma, nikafumba macho, nikasikiliza kwa masikio peke yake. Nilingoja mlio ubadilike. Nikangoja. Nilikuwa nasikia mngurumo tu, mmoja, uleule.

Mama Kendi akanigusa bega. "Baba Makena, mashine inakula hewa."

Yeye hajawahi kusaga hata debe moja. Lakini alisikia.

Kwa hivyo sasa najiuliza. Huu mkono wangu ulianza kazi lini? Ni lini masikio yaliupisha, yakatoka polepole bila kuniaga? Na Jumapili, ninaposimama karibu sana na mzee mwenzangu wa besi mpaka mabega yanagusana, ninamfuata kwa sauti yake ama kwa kifua chake kinavyotetemeka?

Sitanunua amplifaya. Hilo limekwisha, Bwana Hassan alikuwa sawa, na nitapita kumsalimia vizuri. Hedifoni hazikosi kitu.

Alhamisi hospitali huwa na siku ya masikio. Mama Makena amesema tutakwenda pamoja, na amesema vile husema akiwa hajaniuliza. Ninaogopa. Siogopi sindano. Ninaogopa kuambiwa niache mashine, au nishuke kwenye kwaya nikakae na watu wa kusikiliza, mimi ambaye sisikii. Asubuhi nimezoea kumwambia Mungu nionyeshe. Kesho sijui nitamwambia nini, kwa maana ameshaonyesha.

Makena bado hajui. Kila jioni ananitumia ujumbe: Baba, zinafaa? Nikimaliza hapa nitamjibu ukweli. Nimeanza na nyinyi ili nizoee kuyasema.

Sasa nina ombi. Kama wewe, au mzee wako nyumbani, amewahi kukaa kwenye kile kiti cha kupimwa masikio, niambie wanamfanyia mtu nini pale. Na baada ya hapo, aliendelea na kazi yake? Aliendelea kuimba?

Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Alhamisi. Wenye namba yangu msinipigie simu. Niandikieni hapa. Macho bado ni mazuri.